Nimepokea, Naunga Mkono

Nchi ninayoitolea habari hii ipo, na sisi wenyewe tumo ndani yake. Jina lake sitalitaja, si kwa woga bali kwa utiifu. Wizara ya Majina imeagiza kwamba anayetaka kuitaja nchi gazetini aombe kibali kwanza, na mtoa vibali yuko safarini tangu masika ya mwaka juzi. Mimi ni mwandishi wa gazeti la serikali, ukurasa wa Sifa na Pongezi. Wageni hutucheka eti gazeti letu halina ukurasa wa habari. Sijui wanacheka nini. Habari huja zikapita, sifa hubaki.

Leo nataka kuisifu desturi yetu ya nakala.

Kwetu barua isiyo na nakala si barua. Mtu akimwandikia mwenzake peke yake, watu huulizana: wanaficha nini hao? Kwa hiyo chini ya kila barua huwekwa majina ya wakubwa wanaopelekewa nakala, na kadiri majina yanavyozidi ndivyo mwandishi anavyoheshimika. Babu yangu alimposa bibi kwa barua yenye nakala kwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Shamba na Mkaguzi wa Majosho ya Ng'ombe. Wote walijibu upesi kwamba hawana pingamizi. Aliyechelewa kujibu ni bibi.

Barua pepe zilipoingia nchini, wakubwa walihofu kwamba nakala zingekufa. Kumbe! Wakaja kugundua kwamba kwa kubonyeza tu, mtu anaweza kuipelekea serikali nzima nakala bila hata kulamba stempu. Siku hiyo ilipigwa mizinga. Bunge likapitisha Sheria ya Adabu za Barua Pepe, ambayo ni ndefu, lakini raia anatakiwa kukumbuka jambo moja: aliyepata nakala lazima ajibu siku hiyohiyo. Nakala ikitoka kwa mdogo wako kazini, unajibu, "Nimepokea, nashukuru kwa taarifa." Ikitoka kwa mkubwa yeyote, unajibu, "Nimepokea, naunga mkono."

Kuhusu kusoma, sheria imenyamaza. Nasi tulio watiifu hatuitangulii sheria. Kwa hiyo hakuna mtu katika nchi yetu aliyewahi kusoma nakala, ingawa kila mmoja hudhani wenzake husoma. Nakala hupokewa, huungwa mkono, kisha watu huenda kunywa chai.

*

Katika Idara ya Mizani na Vipimo alikuwako mkaguzi mmoja, Bi. Zamoyoni Kilindo. Kazi yake ilikuwa kupita masokoni kuhakikisha kwamba kilo ni kilo, na wauza nyama walimheshimu kwa namna ile watu wanavyomheshimu daktari wa meno. Meza yake ilikuwa dirishani. Siku za Ijumaa alipenda kuvaa gauni la kijani.

Mkuu wake wa kazi alikuwa Mheshimiwa Ngulumbi, Mkurugenzi Mkuu, mtu wa taratibu hasa. Hata chai aliiagiza kwa maandishi. Siku moja Bi. Zamoyoni alifungua kompyuta akakuta barua pepe hii:

"YAH: UZURI WAKO.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Baada ya ufuatiliaji wa muda mrefu, ofisi yangu imebaini kuwa unapendeza, hususan siku za Ijumaa.

3. Kwa barua hii, unaelekezwa kufika nyumbani kwangu Jumamosi kwa ajili ya chakula na mengineyo yatakayojitokeza.

4. Nakutakia utekelezaji mwema."

Chini yake, kama ilivyo ada, zikafuata nakala: Katibu Mkuu, Mkuu wa Masijala, Wakili wa Serikali, Hakimu Mkazi wa Mji Mkuu, Kamanda wa Zimamoto, na wengine wengi. Msishangae hakimu kuwemo. Mahakama yetu ina mizani iliyochorwa ukutani, na mizani yote nchini, hata ya kuchora, iko chini ya Idara.

Kabla ya saa ya chakula, wakubwa wote walikuwa wamekwisha kujibu. Wamepokea, wanaunga mkono. Kamanda wa Zimamoto, ambaye ni mtu mchangamfu, aliunga mkono kwa asilimia mia.

Bi. Zamoyoni alimjibu Mkurugenzi peke yake, kwa aibu: "Mheshimiwa, sitafika. Naomba usiniandikie tena mambo haya."

Mheshimiwa Ngulumbi hakuwa mtu wa kukata tamaa katika kazi. Zikafuata YAH: KUTOFIKA KWAKO, na YAH: UKUMBUSHO, na YAH: UKUMBUSHO WA PILI, na nyingine iliyomtaka aeleze kwa maandishi kwa nini asipendwe. Kila moja ilikuwa na nakala zake, na kila moja iliungwa mkono. Mwisho ikaja YAH: UHAMISHO WA MEZA. Meza ya Bi. Zamoyoni ikaondolewa dirishani ikapelekwa stoo, wanakohifadhi mizani mibovu, mahali ambapo hata mchana lazima uwashe taa, na taa ilikuwa imeungua. Cheo alichokuwa akikingojea akapewa mwingine.

Akaacha kuvaa lile gauni la kijani. Akawa anakuja kazini na koti la marehemu baba yake, kubwa, lenye vifungo mpaka shingoni, katika joto la mji wetu ambamo mbuzi hulala kivulini na ulimi nje. Watu walidhani anaumwa. Hapo, hata mimi wa Sifa na Pongezi, nimetafuta cha kusifu nisikione.

*

Baada ya mwaka wa hayo, Bi. Zamoyoni alimwandikia Katibu wa Tume ya Maadili kumlalamikia mkuu wake. Aliandika kwa maneno machache, bila namba za aya, na bila nakala.

Katibu wa Tume alipoiona alishtuka. Barua isiyo na nakala hata moja! Hakujua aijibu vipi, maana sheria ilikuwa haijawaza kwamba mtu anaweza kumwandikia mtu. Akafanya kinachofanywa siku zote na malalamiko yote: akayapeleka kwa mlalamikiwa ili atoe maoni, kwa kuwa mlalamikiwa ndiye anayeyafahamu mambo hayo kuliko mtu mwingine yeyote.

Mheshimiwa Ngulumbi aliumia sana. Aliisoma barua ile (ilikuwa imeelekezwa kwake, hivyo kuisoma kuliruhusiwa) akafunga ofisi, akafungua faili jipya, akalia ndani ya saa za kazi. Kesho yake Bi. Zamoyoni akashtakiwa kwa kosa la kumkashifu kiongozi kwa njia ya barua pepe, kosa ambalo adhabu yake ni kifungo na kufukuzwa kazi. Lakini serikali yetu ina huruma. Alipewa karatasi iliyokwisha chapwa, isemayo kwamba yeye, mwenye jina hapo chini, ni mwongo, na kwamba anamwomba radhi Mheshimiwa Mkurugenzi. Akiisaini, kesi itafutwa na kazi yake atabaki nayo. Karatasi yenyewe ingebandikwa tu kwenye ubao wa matangazo, karibu na mlango, ili wapitao waisome.

Mama yake, Bi. Mwantumu, alikuwa anachambua mchele alipoonyeshwa karatasi hiyo.

"Saini, mwanangu, yaishe," akasema. "Karatasi ni karatasi tu."

"Mama, inasema mimi ni mwongo."

"Wangapi wameitwa waongo na wanakula na kulala? Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha mpaka stoo, mama. Nyuma yangu sasa kuna ukuta."

Bi. Mwantumu akarudia ungo wake. Alitoa jiwe moja, akalitazama, akalitupa mlangoni.

"Basi hilo koti la baba yako liache hapa," akasema. "Kama unakwenda kusimama mbele za watu, vaa lile gauni lako la kijani."

*

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Wakubwa wote wa mji walikuja kumtia moyo Mheshimiwa Ngulumbi, na Kamanda wa Zimamoto alikuja na kofia yake ya kazi, endapo hasira zingewaka. Mimi nilikaa benchi la nyuma, chini ya feni.

Wakili wa Serikali, Bwana Kandoro, alisimama akarekebisha joho.

"Mheshimiwa Hakimu," akanguruma, "taifa limechomwa mkuki! Na mkuki wenyewe ni wa umeme! Mwanamke huyu amekaa kizani, ndani ya stoo, akaandika maneno ambayo kinywa changu hakithubutu kuyatamka!"

"Aliyemweka stoo ni nani?" akauliza Hakimu Lwambano, mzee mpole aliyependa kuelewa.

"Taratibu, Mheshimiwa."

Hakimu akaridhika, akaagiza kashfa yenyewe isomwe. Hapo pakatokea shida. Sheria yetu inasema kwamba anayeirudia kashfa naye amekashifu, na karani wa mahakama ana watoto wadogo. Baada ya mashauriano, karani aliruhusiwa kuisoma kwa kuchezesha midomo bila sauti. Aliisoma vizuri sana. Sisi wa benchi la nyuma tulitikisa vichwa kwa uchungu kila alipotua.

Bi. Zamoyoni akaulizwa kama ana utetezi. Akatoa barua pepe za Mkurugenzi alizozichapisha.

"Hazina muhuri," akasema Bwana Kandoro.

"Ni barua pepe, Bwana Wakili. Hazigongwi muhuri."

"Ndiyo maana haziaminiki."

"Basi kompyuta yangu iko hapa. Fungueni mwone wenyewe."

Bwana Kandoro akapinga vikali kwamba shahidi asikilizwe bila kuapishwa. Kompyuta ikapandishwa kizimbani. Karani akaiuliza dini yake. Kompyuta ikadai kwanza nywila, na mahakama ikaandika kwamba shahidi amekuwa mkaidi, ikamteremsha.

Kisha akaitwa Mheshimiwa Ngulumbi. Alipanda kizimbani kwa hatua za mtu anayekwenda kuzindua kitu.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema, "mimi ni mtumishi wa umma tangu ujana wangu. Bibi huyu anadai nilikuwa namwandikia kwa siri. Kwa siri! Mimi! Katika maisha yangu sijaandika barua bila nakala. Mke wangu nikimwandikia kwamba nitachelewa, nakala inakwenda kwa mama mkwe na kwa Mkuu wa Masijala. Kama ningemwandikia huyu, nchi nzima ingekuwa na nakala. Ziko wapi?" akauliza, akiwakonyeza wakubwa waliomuunga mkono.

Watu wakapiga makofi. Hakimu akamgeukia mshtakiwa.

"Bi. Zamoyoni, hoja hiyo ni nzito. Nakala ziko wapi?"

Nilimwona Bi. Zamoyoni ameshika ukingo wa benchi la washtakiwa kwa mikono miwili, na nikaona kwamba anaogopa, tena anamwogopa hakimu mwenyewe.

"Mheshimiwa," akasema mwishowe, "usiniulize hivyo."

"Kwa nini nisiulize?"

"Kwa sababu unayo."

"Ninayo nini?"

"Nakala, Mheshimiwa. Unazo zote. Jina lako limo katika kila moja, baada ya la Bwana Wakili na kabla ya la Kamanda wa Zimamoto."

Hakimu Lwambano alivaa miwani. Akaivuta kompyuta ya mahakama, akaandika jina la Idara polepole kwa kidole kimoja. Kioo kikajaa. Akasoma ya kwanza, midomo ikicheza kama ya karani. Akasoma ya pili. Alipofika UKUMBUSHO WA PILI alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Chini ya kila barua palikuwa na jibu lake mwenyewe, "Nimepokea, naunga mkono." Chini ya ile ya kuhamisha meza, kwa kuwa ilikuwa siku ya sikukuu na moyo wake ulikuwa mweupe, alikuwa ameongeza, "Hongera kwa ubunifu."

Bwana Kandoro naye akatoa simu mfukoni. Katibu Mkuu akatoa yake. Benchi baada ya benchi, wakubwa wakainamisha vichwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu nakala kusomwa, na nasikitika kuripoti kwamba haikupendeza. Ilisikika feni tu, na sauti ya Kamanda wa Zimamoto akijisemea, "Asilimia mia. Ee Mungu wangu, asilimia mia."

"Mwaka mzima tunapishana kwenye ngazi," akasema Bi. Zamoyoni. Hakupaza sauti. "Mnanisalimu, mnaniuliza habari za nyumbani, mnaniuliza hilo koti la nini na joto hili. Nami nawajibu salama, huku najua kwamba mmesoma, na mmeunga mkono. Ndiyo maana sikuweka nakala kwenye malalamiko yangu. Ningempelekea nani? Wote mlikuwa mnajua."

"Hatukusoma," akasema Bwana Kandoro. Mngurumo wake wote ulikuwa umeisha.

Bi. Zamoyoni akamtazama.

"Nilikuwa nadhani mna roho mbaya," akasema. "Sasa sijui lipi lina nafuu, Bwana Wakili."

Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika kitu. Nilimwonea huruma, na niliona haya kwa niaba ya watu wazima wenye tai.

Aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Mheshimiwa Ngulumbi. Alitazama vichwa vile vilivyoinama, akapaza sauti kama mtu aliyeachwa na gari.

"Lakini mliniunga mkono!" akasema. "Wote! Yeye peke yake ndiye aliyekataa, na ninyi mlikuwa wengi! Nilipoona hata mahakama imeniunga mkono, nikadhani ni sera."

*

Hakimu Lwambano alitaka kujitoa katika kesi ili ipewe hakimu asiyehusika. Akatafutwa nchi nzima, hakupatikana. Ikabidi aitoe hukumu mwenyewe, na mimi naisifu hukumu hiyo kwa kuwa haikumwacha mtu bila kitu.

Kwanza, mshtakiwa hana hatia. Kwa kuwa malalamiko yake hayakuwa na nakala, kisheria hayakuandikwa, na kashfa isiyoandikwa haimkashifu mtu. Ile karatasi ya kujiita mwongo ichanwe, na meza irudishwe dirishani.

Pili, barua pepe za Mkurugenzi ni za kweli na ni unyanyasaji. Lakini aliyeunga mkono kosa ni mshirika wa kosa, na kizimba cha mahakama kilijengwa kwa mtu mmoja. Serikali ikiingia humo yote, alisema hakimu, nani atabaki nje kufunga mlango? Kwa hiyo Mheshimiwa Ngulumbi aombe radhi, kwa maandishi, kwa njia ileile ya barua pepe.

Watu walipumua. Mheshimiwa Ngulumbi akaondolewa Idarani kwa maslahi ya umma, akafanywa Mwenyekiti wa Kamati ya Taifa ya Kuhimiza Usomaji wa Nakala, yenye gari na dereva. Maana sasa kila mtu alikuwa anasoma. Kazi zilisimama. Waziri mmoja aligundua kwamba alikwisha kufukuzwa zamani, na kwamba yeye mwenyewe aliunga mkono. Kamanda wa Zimamoto alisoma kwa mara ya kwanza taarifa za moto, akapeleka magari upesi kwenye majivu.

Kisha ikaja ile radhi. Niseme kweli, ilikuwa kazi ya ustadi. YAH: RADHI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika aya ya pili, ofisi yake ilisikitishwa na usumbufu wowote ulioweza kujitokeza kwa mtumishi husika. Katika aya ya tatu alinukuu methali, na katika ya nne aliahidi kuwa mfano wa kuigwa. Nchi nzima iliisoma. Katibu Mkuu alilia. Hakimu aliisoma mara mbili. Mhariri wangu akanituma nikaandike jinsi Bi. Zamoyoni alivyoipokea kwa furaha, akaniwekea nafasi ukurasa mzima, na kichwa cha habari kilikuwa kimekwisha pangwa.

Nilimkuta dirishani. Ilikuwa Ijumaa, amevaa lile gauni la kijani, na mbele yake palikuwa na jiwe la mizani la muuza nyama fulani, alilokuwa akilipima huku akitabasamu peke yake. Kompyuta ilikuwa wazi pembeni. Niliona kwamba radhi imefika na kwamba bado haijafunguliwa.

"Shikamoo, dada," nikasema. "Hujaisoma? Nchi nzima imeisoma. Aya ya pili inagusa sana."

"Marahaba. Hebu tazama imeelekezwa kwa nani."

Nikainama nikatazama. Ilikuwa imeelekezwa kwa Mheshimiwa Waziri. Nakala zilikuwa kwa Katibu Mkuu, Mkuu wa Masijala, Wakili wa Serikali, Hakimu Mkazi na Kamanda wa Zimamoto. Mwisho kabisa, chini ya wote, iliandikwa: Bi. Z. Kilindo, kwa taarifa.

Akasogeza kompyuta, akaandika jibu siku hiyohiyo kama sheria inavyotaka, ila lile wanalojibiwa wadogo. "Nimepokea, nashukuru kwa taarifa." Akalituma, akarudi kwenye jiwe lake.

"Lakini dada," nikamwambia, nikiuwaza ukurasa wangu mtupu, "si radhi yako hiyo? Hutaisoma?"

"Ni nakala, ndugu mwandishi," akasema. "Nani husoma nakala?"